Macho Hayasubiri Ngozi Ipone

Mpwa wangu anasomea utabibu, yuko mwaka wa mwisho. Ni kijana msikivu, na kila akija kunisalimia hapa Moshi, shikamoo ikishaitikiwa tu anaanza kumwaga maswali ya wodini. Safari hii alinisimulia habari za mgonjwa waliyempokea kwenye hospitali alikopangiwa mazoezi. Ni mama wa makamo aliyemeza dawa ya salfa, akaota malengelenge, ngozi ikaanza kuchunika mgongoni na kifuani, midomo ikawa kidonda kitupu. Walimtundikia dripu, wakamfunika vizuri, wakapambana na homa. Nikamwuliza macho yake yalikuwaje. Akasema hawakuyaona, maana kope zilivimba hazifunguki. Kwenye faili waliandika kwamba apelekwe kliniki ya macho akisharuhusiwa. Kisha akauliza, kwa nia njema kabisa: "Lakini Shangazi, mgonjwa wa ngozi anaitiwa muuguzi wa macho wa kazi gani?"

Kijana simlaumu. Lililoniuma ni kwamba jambo hili tulikuwa tukilijua vizuri, tena katika wodi ambayo maji ya bomba yalikuja yakitaka, na leo kuna hospitali zenye kila mashine ambako halijulikani. Basi nimeona niandike, maana sisi tuliolijua kwa mikono tunapungua.

Ugonjwa wenyewe vitabuni umepewa majina ya madaktari wawili wa Marekani, Albert Stevens na Frank Johnson. Mwaka 1922 walieleza habari za watoto wawili wa kiume wa New York waliopata homa, vipele vya mwili mzima, vidonda vya kinywa na uvimbe mkali wa macho. Macho yametajwa kwenye kichwa cha makala yao ya kwanza kabisa, wala si mambo yaliyogunduliwa baadaye. Mwaka 1956 daktari wa ngozi wa Uskoti, Alan Lyell, akaeleza aina kali zaidi, ile ambayo ngozi inatoka kwa mapande kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Leo ngozi iliyobanduka ikiwa chini ya asilimia 10 ya mwili wanauita Stevens-Johnson, ikizidi 30 wanaiita ile ya Lyell. Mara nyingi chanzo ni dawa. Kinga ya mwili inageuka na kuua seli za ngozi, na pamoja nazo utando laini wa ndani ya mdomo, wa sehemu za siri na wa macho. Watu wanaopatwa ni wachache mno, hesabu yake huwa ni wachache kwa kila watu milioni kwa mwaka. Lakini ukikaa wodini miaka mingi, wachache hao unawafahamu kwa sura.

Mimi habari hizi sikuzianzia hospitali. Nilizianzia kwenye duka la dawa baridi la mzee mmoja karibu na stendi, miaka ya mwisho ya sabini, nikiwa muuguzi mpya mwenye viatu vyeupe vya kukopa.

Duka lilikuwa banda la mbao lenye milango ya kijani, na kibaraza cha saruji ambapo wagonjwa walikaa kusubiri kana kwamba ni kliniki. Harufu yake ninaijua hadi leo: Dettol, kafuri, marhamu ya salfa ya upele, moshi wa pasi ya mkaa kutoka kwa fundi nguo wa jirani, na vumbi chungu la klorokwini lililokaa kooni hata ukishatoka. Watu walimwita Daktari. Hakuwa daktari, alikuwa dresa wa zamani aliyefunzwa enzi za mkoloni kufunga vidonda na kuchoma sindano, akastaafu, akafungua duka. Vidonge alivihesabu kwenye sahani ya bati kwa mpini wa kijiko, viwili viwili, akitaja hesabu kwa sauti ili mnunuzi aisikie. Alivifunga kwa karatasi za madaftari ya shule. Juu ya karatasi aliandika jina la dawa kwa herufi kubwa, chini yake 1x3 au 2x2, na kwa asiyejua kusoma alichora jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi. Jina la dawa hakuliacha kamwe. Kuna wafamasia wa leo wenye shahada wanaokukabidhi vidonge ndani ya bahasha isiyo na jina lolote, na mimi huwa ninavirudisha kaunta pale pale.

Siku hizo malaria ilitibiwa kwa klorokwini, na klorokwini iliwawasha watu. Walioogopa kujikuna usiku kucha walikimbilia Metakelfin au Fansidar, dawa zenye salfa ndani yake. Sifa yake kubwa ilikuwa wepesi: unameza vidonge vitatu kwa mkupuo mmoja, umemaliza. Wengi sana walizimeza na hawakupata lolote baya, hilo lisemwe kwa haki. Ubaya ni kwamba salfa ya Fansidar inakaa mwilini muda mrefu. Baada ya wiki nzima nusu yake bado iko kwenye damu, kwa hiyo mwili ukiikataa huwezi kusema basi nimeacha kumeza, imekwisha.

Binti mmoja fundi cherehani alimeza vitatu vyake. Haukupita muda mrefu akarudi dukani kutafuta dawa ya macho. Macho yalikuwa mekundu, yanatoka machozi, mwili una homa, na alidhani amepata macho mekundu ya kuambukizana yaliyokuwa yamezagaa mtaani. Nilikuwepo, nimekwenda kununua pamba. Mzee hakugusa chupa ya matone. Alimwambia, "Fungua kinywa, mwanangu." Ndani ya midomo kulikuwa na malengelenge yaliyopasuka. Akamshika mkono, akaukunja mkono wa blauzi, akaona vipele vyenye kitone cheusi katikati. Akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya hata siku za msiba, akampakia binti kwenye karia ya baiskeli na kumpeleka hospitali mwenyewe, mimi nikifuata kwa miguu. Mfukoni alikuwa na karatasi ya dawa ileile aliyomfungia.

Matone ambayo hakuyagusa siku ile yalikuwa ya salfa pia. Wakati huo matone ya salfa ya macho yaliuzwa kila mahali. Angemtilia, angekuwa amemwongezea sumu juu ya sumu. Nani alimfundisha hilo? Macho yake tu na kumbukumbu yake.

Wodini tulikuwa na Sista, Mpare wa milimani, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Aliposoma ile karatasi aligawa kazi papo hapo. Mmoja akatafute majani ya mgomba mabichi, yapashwe moto mpaka yalainike, yatandikwe kitandani ili ngozi isigande na shuka. Mwingine alete kizimba cha chuma cha kuinua blanketi. Kisha akanigeukia mimi: "Wewe ni wa macho. Kaa hapa."

Nitaeleza kazi ile kwa kirefu, kwa sababu ndiyo iliyosahaulika.

Unanawa. Unachemsha maji ya chumvi, unayaacha yapoe. Unaloweka kope zilizoganda kwa pamba, hukwangui, unangoja matongotongo yalainike yenyewe. Unatia matone ya ganzi. Sasa unafungua kope kwa vidole viwili bila kubonyeza jicho, na ndipo unaona: ule utando laini mwekundu unaofunika weupe wa jicho na ndani ya kope umechubuka wote, na juu yake umetanda utando mwingine wa kijivu mweupe, wa usaha na damu iliyoganda. Huo wa kijivu unauondoa taratibu kwa kibano na pamba yenye maji. Ukivuta kwa pupa damu inatoka. Ukiuacha, kesho umeshakuwa gundi kati ya kope na jicho, maana pande mbili zilizochubuka zikigusana zinaungana, ndivyo kidonda kilivyo mahali popote mwilini.

Halafu unachukua kijiti cha kioo. Chetu kilikuwa na ncha ya mviringo iliyolainishwa kwa moto, kikikaa ndani ya kopo la spiriti na kusuuzwa vizuri kabla ya kugusa jicho. Unakipaka marhamu ya tetrasaiklini ya asilimia 1, unakipitisha chini ya kope ya chini kutoka pembe ya puani hadi pembe ya nje, kisha chini ya kope ya juu, hadi kule ndani kabisa kope inakokunjia. Unasikia kwa vidole mahali panapoanza kushikana, nyuzi ndogo zinakatika. Mgonjwa analia. Unamwambia mwanangu vumilia, unaendelea. Kijiti ni asubuhi na jioni, maji ya chumvi ni kila saa, usiku na mchana, na kati ya hapo marhamu ili jicho lisikauke. Hufungi jicho kwa bandeji hata siku moja, kwa sababu ukilifunga unaziachia kope zishikamane gizani.

Yule binti alikaa wodini wiki kadhaa. Ngozi ya mgongo ilitoka karibu yote, ikaota mpya yenye madoadoa. Kucha zilianguka. Macho yalibaki makavu na aliogopa jua, lakini kope zilifunguka na kufunga, na baada ya miezi aliweza tena kutunga uzi kwenye sindano ya cherehani. Gauni langu la ubatizo wa mwanangu wa pili alilishona yeye.

Mzee wa duka alinunua kauntabuku. Tangu siku ile kila aliyeungua na dawa, awe alinunua kwake au kwingine, aliandikwa humo: jina, mtaa, dawa, tarehe, na kilichompata. Mtu akija kuomba dawa ya salfa, mzee aliuliza kwanza kama amewahi kuvimba midomo au kutoka vipele baada ya kumeza kidonge chochote, yeye au ndugu yake wa tumbo moja, kisha akafunua kauntabuku. Nilimwona akimkatalia mteja mwenye pesa mkononi, akimwonyesha jina lake mwenyewe lililoandikwa miaka mitatu nyuma. Mteja alikwishasahau. Mzee hakusahau.

Kuna waliofika wakiwa wamechelewa. Mkulima mmoja wa tambarare alitibiwa kwingine, ngozi yake ikapona vizuri kabisa, akaruhusiwa na watu wakamshangilia. Alikuja kwetu baadaye ameshikwa fimbo na mtoto. Kope za chini zilikuwa zimeshikana na jicho lenyewe. Ukingo wa kope kwa ndani, ambao kwa mtu mzima wa afya ni laini na una unyevu, ulikuwa umegeuka mkavu na mgumu, ukikwangua kioo cha jicho kila alipopepesa. Vinyweleo vya kope vimeingia ndani. Machozi hayapo. Kioo cha jicho, ile konea inayopitisha mwanga, kilikuwa cheupe na mishipa ya damu imekitambaa. Aliuliza kama anaweza kubadilishiwa kioo hicho apewe cha mtu aliyefariki. Ilibidi aelezwe kwamba kwenye jicho lisilo na machozi kioo kipya hakidumu, kinachubuka na kufa kama cha kwanza. Alikuwa hajafika miaka 40. Aliyemtibu ngozi aliokoa maisha yake, hilo silibezi, maana katika aina kali takriban watatu kati ya kumi hufa. Lakini wiki ile moja ya kwanza, mtu mmoja mwenye maji ya chumvi na kijiti cha kioo angemwokolea pia macho.

Miaka ya tisini ilitupiga. Kifua kikuu kilirudi pamoja na UKIMWI, na dawa za kifua kikuu za wakati ule zilikuwa na thiasetazoni, kidonge cha bei ndogo kilichokuwa kimetibu maelfu. Mpango wetu wa taifa wa kifua kikuu, ulioanza 1977, ulisifiwa duniani kote na ulistahili. Ila kwa mwenye virusi thiasetazoni ilikuwa moto. Mwaka 1991 madaktari waliofanya kazi Nairobi walichapisha hesabu zao: kati ya wagonjwa wenye virusi, mmoja katika kila watano alipata madhara ya ngozi, na kwa wasio na virusi ilikuwa kama mmoja katika mia. Baadaye ikaondolewa, ethambutoli ikachukua nafasi yake. Kabla haijaondolewa tulikuwa na vitanda viwili au vitatu vya waliobabuka kwa wakati mmoja, na Sista alikuwa amestaafu. Mwaka 1992 kilifunguliwa pale hospitali ya KCMC, hapa Moshi, kituo cha kufundishia magonjwa ya ngozi kwa ukanda huu wa Afrika, na matabibu waliotoka humo walitusaidia sana. Walijua kulitambua tatizo siku ya kwanza na kusimamisha dawa siku hiyohiyo. Kusimamisha dawa mapema ndiyo tiba ya kwanza, hakuna nyingine inayoipita.

Nimetazama tarehe za mambo ya malaria: klorokwini iliachwa rasmi Tanzania Agosti 2001, SP, yaani dawa ileile ya salfa ya Fansidar, ikawa dawa ya kwanza, na dawa mseto ikaingia mwishoni mwa 2006. Kenya walikuwa wameitangulia SP tangu 1998. Lakini ninayoyakumbuka si matamko, ni uvumi. Mtaani kila mtu alikuwa na habari ya jirani aliyechunwa ngozi na SP, na kina mama wengine walificha vidonge chini ya godoro. Wengi walitiwa hofu bure. Wachache walikuwa na sababu, na kwa wachache hao hatukuwa na muda wa kuwajibu vizuri. Wajawazito bado wanapewa SP kliniki kwa kinga, nao wasiikimbie kwa kusoma haya. Waseme tu kama wamewahi kudhurika na salfa.

Kisha zikaja dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, bure, kuanzia 2004. Watu waliokuwa wakibebwa kwa machela walirudi shambani. Nevirapini iliyokuwa ndani ya mseto ule ilihitaji kuanzwa polepole, kidonge kimoja kwa siku kwa wiki mbili kabla ya kufikia viwili, kwa sababu hiyohiyo ya ngozi, na pembeni yake kila mgonjwa alimeza Septrin, ambayo ni salfa. Wauguzi wa CTC, kliniki za wenye virusi, walilijua hili na walilisimamia. Siku hizi nevirapini karibu imesahaulika, dolutegravir imechukua nafasi, na waliobabuka wamepungua. Waliobaki wanatokana na Septrin, dawa za kifafa kama kabamazepini na fenobabitoni, alopurinoli ya jongo, na vidonge vya kununua tu.

Wakati huohuo ulimwengu ulipata tiba ya macho ambayo Sista angeipigia vigelegele. Mkunga yeyote anaujua ule utando mwembamba unaong'aa wa chupa ya uzazi, upande wa kondo la nyuma unaomkabili mtoto. Hauna mishipa ya damu, unatuliza uvimbe, unasaidia ngozi mpya kuota na hauachi kovu baya. Madaktari wa macho waliujaribu tangu 1940, Sorsby akautumia London kwa macho yaliyoungua kwa kemikali, kisha ukasahaulika hadi miaka ya tisini. Mwaka 2002 ikachapishwa habari ya kuutumia kwa wagonjwa wa ngozi iliyobabuka wakiwa bado katika siku za kwanza: unafunika jicho lote, ukingo wa kope na ndani ya kope, hadi kule kwenye mkunjo. Mwaka 2016 madaktari wa New Delhi walitoa majibu ya jaribio walilowagawa wagonjwa 25 kwa bahati nasibu, kundi moja likipata matone na marhamu pekee, jingine likiongezewa utando. Miezi sita baadaye waliofunikwa walikuwa wakiona vizuri zaidi, na kope zao hazikushikamana kama za wenzao.

Sharti lake ni muda. Utando uwekwe ndani ya siku chache, wiki moja kwa kawaida, ikizidi sana siku kumi. Baada ya hapo kovu limeshaanza, na unafunika kilichoharibika. Wapo madaktari walioonyesha hata namna ya kuushikilia bila kushona sana, kwa pete iliyokatwa kutoka mpira wa dripu na kukunjwa kulingana na jicho. Mpira wa dripu! Kitu tunachokitupa kila siku. Na utando wenyewe unatupwa kila siku wodi ya wazazi, hatua chache kutoka alipolala mgonjwa. Najua hauchukuliwi hivi hivi. Mama aliyejifungua kwa upasuaji lazima aridhie, apimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende, na utando usafishwe na kuhifadhiwa kwenye baridi kali hadi mama apimwe tena. Hiyo ni kazi ya hospitali ya rufaa, si ya zahanati. Lakini benki ndogo ya namna hiyo kwenye hospitali chache kubwa za rufaa, yenye friza inayolindwa na jenereta, ni jambo tunaloliweza. Tumeshanunua mashine za bei kubwa zaidi kwa magonjwa yanayosubiri.

Na hata pasipo utando kuna mikono. Hili ndilo linalonikera hadi nashindwa kulala. Dawa imeendelea, majengo yamependeza, faili liko kwenye kompyuta, na ile kazi ya kila saa hakuna anayeifanya. Mgonjwa akilazwa Ijumaa jioni, kliniki ya macho inafunguliwa Jumatatu. Jumatatu kuna foleni ya wagonjwa wa mtoto wa jicho. Jumanne ndiyo siku ya upasuaji. Anaonwa Jumatano, na wiki yake ya kuokolewa inakaribia kwisha. Hakuna mtu mbaya katika mpango huo, kila mmoja anafuata ratiba. Ratiba imepangwa kwa magonjwa yanayosubiri, na huu hausubiri. Kijiti cha kioo nimekiulizia kwenye hospitali mbili, nikaulizwa ni cha maabara?

Na ile fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa! Mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, ilipoundwa 2003, ambayo sasa ndiyo TMDA, wahudumu wa afya tulihimizwa kuijaza, na ni fomu rahisi, ukurasa hauchoshi. Mara ngapi nimeikuta droo imejaa fomu safi kabisa. Dresa wa darasa la nne alijinunulia kauntabuku kwa pesa yake.

Banda lake lilivunjwa barabara ilipopanuliwa. Yeye alikwishatutoka zamani. Penye kibaraza cha saruji sasa kuna duka la simu, na hatua chache mbele famasi ya vioo yenye kiyoyozi, ambamo nilimwona kijana akimuuzia mtu Septrin bila kuinua uso kutoka kwenye simu yake. Hakuuliza neno.

Kwa hiyo ninawaomba mnaosoma. Ukimeza dawa mpya, na kati ya siku ya nne na wiki ya nne ukapata homa, macho yakawa mekundu na yanachoma, mdomo ukatoka vidonda, ngozi ikauma au ikaanza malengelenge, acha dawa hiyo na uende hospitali siku hiyohiyo ukiwa na pakiti yake mkononi. Usinunue matone ya macho mtaani. Mgonjwa wako akishalazwa, mwulize muuguzi wa zamu macho yameangaliwa na nani, na kama jibu ni kliniki baada ya kuruhusiwa, kaa hapo, omba kwa heshima mtu wa macho aitwe leo, na kesho omba tena. Akipona, jina la dawa iliyomwunguza liandikwe kwenye kadi yake na kwenye karatasi ndani ya pochi yake, na asiimeze tena maisha yake yote, kwa jina lolote la biashara.

Na ninyi vijana wa wodini, mpwa wangu akiwemo: anayelala na ngozi iliyobabuka aitiwe mtu wa macho kabla siku ya kwanza haijaisha, hata kama ni Ijumaa.